Gharama zinazojificha unaponunua ploti au nyumba viungani mwa Nakuru na Kisumu

Bei anayokutajia dalali mkiwa mmesimama kwenye ploti Kiamunyi, Lanet, Mamboleo au Nyamasaria ni bei ya ardhi peke yake. Juu yake kuna gharama za aina mbili. Za kwanza ni za karatasi: ushuru, wakili, sachi (kukagua rekodi ya ardhi kwa msajili), idhini. Hizi zinajulikana, nyingi zina asilimia yake kisheria, na unaweza kuzikokotoa jioni moja ukiwa na kalamu. Za pili ziko ardhini: udongo, maji, choo, stima, barabara. Hizi hakuna anayekuandikia mapema, na ndizo huacha nyumba imekwama kwenye linta miaka mitatu huku mwenyewe bado analipa kodi ya nyumba mjini. Tutaanza na za karatasi, kisha tukae zaidi kwenye za ardhini.

Pima kwanza unachouziwa

Ploti ya "hamsini kwa mia" ni futi mraba 5,000, yaani karibu mita mraba 465, au hekta 0.0465. Thumuni ya ekari ni futi mraba 5,445, karibu hekta 0.0506. Madalali hutumia majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali tofauti yake ni mita mraba 41, nafasi ya vyumba vitatu vya kulala. Hatimiliki huandika ukubwa kwa hekta, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye hati na uache maneno ya dalali. Ukikuta hekta 0.04, umepata futi mraba kama 4,300.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni, lipa mpima ardhi mwenye leseni, wa kwako, si wa muuzaji, aje na ramani ya msajili na atafute bikoni (alama za mipaka) zote nne. Viunga vingi vya Nakuru vilitokana na mashamba makubwa yaliyokatwa vipande mara mbili au tatu. Kila ukataji huacha bikoni za zamani pamoja na mpya, na watu hujenga wakifuata zile wanazoziona. Kosa la kawaida ni ploti nzima kuwa mahali pengine: umeonyeshwa ya kona iliyo karibu na lami, namba iliyo kwenye hati iko mita mia mbili nyuma, bondeni. Ada ya mpima ni ndogo mno ukiilinganisha na kubomoa ukuta.

Gharama za karatasi

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya mji na asilimia 2 kwa ya mashambani. Viungani hapa ndipo watu hukosea hesabu. Dalali atasema "huku bado ni shamba, ni asilimia mbili", lakini Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 na Eldoret ikafuata Agosti 2024, na miji inazidi kutanuka. Weka bajeti ya asilimia 4 mpaka wakili athibitishe vinginevyo kwa maandishi.

Jambo la pili: ushuru huu haukokotolewi lazima kwa bei mliyokubaliana. Mthamini wa serikali hutoa thamani yake, na yake ikiwa juu ndiyo inayotumika. Mmekubaliana milioni 2, umetenga 80,000. Mthamini akisema ploti ina thamani ya milioni 2.6, unalipa 104,000. Ndiyo maana ni hatari kumaliza fedha zote kwenye bei.

Wakili ana kiwango chake cha malipo kilichowekwa kisheria kulingana na bei ya mali, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Akikuambia 50,000, uliza kama VAT imo; isipokuwemo ni 58,000. Usitumie wakili wa muuzaji eti mpunguze gharama. Pande mbili zikigombana, huyo mmoja atalazimika kujitoa na utaanza upya na mwingine kwa ada mpya.

Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, na kisheria ni ya muuzaji. Zamani ilikuwa asilimia 5, kwa hiyo wauzaji wengi hushtuka wakati wa kuhamisha hati, na wengine hujaribu kumsukumia mnunuzi: "ongeza kidogo tumalize hii kitu ya KRA." Isipolipwa, uhamisho unakwama. Andikeni katika makubaliano ya mauzo kwamba ni ya muuzaji na italipwa kabla ya salio kutolewa.

Kodi za ardhi ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya kaunti, inayodaiwa kila mwaka. Nyingine ni ya serikali kuu, inayodaiwa ardhi ya kukodisha, ile yenye hati ya miaka 99 au 50. Uhamisho unahitaji cheti cha kutodaiwa. Ardhi ya kukodisha ikiwa imekaa miaka kumi bila kulipiwa, deni pamoja na riba linaweza kufika mamia ya maelfu. Omba taarifa ya deni kabla ya kusaini. Kwenye hati ya kukodisha hesabu pia miaka iliyobaki. Ploti za Milimani, Nakuru na Kisumu, nyingi ni za namna hii, na benki husita kukopesha kwa hati iliyobakiza miaka michache.

Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu kusaini makubaliano. Idhini isipopatikana, mauziano yanakuwa batili. Kikao cha kawaida cha bodi ni nafuu, kikao maalum ni ghali zaidi, na muuzaji mwenye haraka atakuambia ni lazima kiwe maalum. Si lazima. Mume au mke wa muuzaji naye lazima atoe ridhaa ya maandishi. Asipotokea mapema, utamlipia nauli na wakili baadaye, au mauziano yavunjike.

Ukinunua kwa mkopo wa benki, ongeza haya: ada ya mthamini wa benki, ada ya kupanga mkopo, wakili wa benki (unamlipa wewe), ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo kwa kusajili dhamana, bima ya moto na bima ya maisha. Mkopo wa milioni 4 unalipiwa stempu 4,000 tu, lakini hizo nyingine zikijumlishwa zinauma. Waambie benki wakupe orodha yote kwa shilingi kabla hujasaini barua ya mkopo.

Hisa, urithi na makaburi

Nakuru na Kisumu zinatofautiana sana hapa.

Nakuru utakutana na ploti zinazouzwa kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi au chama, bila hatimiliki. Bei yake ni ya chini na inavutia. Kinachofichwa ni kwamba bado kuna safari ya kulipia: ada ya kubadilisha jina kwenye daftari la kampuni, upimaji, usajili wa namba mpya, halafu hati. Kuna pia hatari kwamba hisa hiyo imeuzwa kwa watu wawili. Ukishindwa kujizuia, hesabu gharama ya kufika kwenye hati na uiondoe yote kwenye bei. Ushauri wetu ni kuiacha. Anayesema "hati zinatoka mwezi ujao" aulizwe namba ya faili ya upimaji na kama ugawaji umeidhinishwa na kaunti. Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha.

Hali ni hiyo hiyo kwa ploti iliyo chini ya hatimiliki mama, yaani hati moja ya shamba zima ambalo halijagawanywa. Ugawaji unahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, na ardhi ya kilimo ikifanywa ya makazi inahitaji kubadilishiwa matumizi, kwa mpangaji mwenye leseni, tangazo gazetini na ada ya kaunti. Hizi ni gharama za muuzaji. Lipa kwa awamu zinazofuata hatua: kiasi fulani idhini ya ugawaji ikitoka, kingine namba mpya ikisajiliwa, salio hati ikiwa kwa jina lako.

Kisumu, Kakamega, Vihiga na Busia shida kubwa ni urithi. Unaonyeshwa ardhi nzuri Kajulu au Kisian, ukifanya sachi unakuta jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wanaouza hawana uwezo wa kisheria wa kuuza. Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla cheti cha usimamizi kuthibitishwa na mahakama, na uthibitisho kwa kawaida hauji kabla ya miezi sita tangu cheti kutolewa. Kabla ya hapo kuna kukusanya sahihi za warithi wote na tangazo katika gazeti rasmi la serikali, siku 30 za kusubiri pingamizi. Shangazi mmoja aliyeolewa mbali na hakushirikishwa anatosha kusimamisha kila kitu. Wauzaji humwomba mnunuzi "atusaidie na hiyo ya mahakama". Ukikubali, fedha hizo ziandikwe kama sehemu ya bei, zilipwe moja kwa moja kwa wakili wa mirathi, na usijenge wala usizungushie ua kabla ya uthibitisho.

Kisha tembea kwenye ardhi yenyewe. Ploti iliyokatwa kutoka kwenye boma inaweza kuwa na makaburi, mengine bila saruji, yanayotambulika kwa kichuguu au mti uliopandwa. Kufukua mwili kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Afya ya Umma, kukubaliwa na familia, na taratibu za ukoo ambazo zina gharama yake na muda wake. Mara nyingi ni busara zaidi kuomba mstari wa mpaka usogezwe. Waulize majirani wazee, si dalali. Zungumza nao kwa heshima, umesimama nao kivulini, na uulize nani alikaa pale zamani.

Udongo: hapa ndipo fedha zinapozama

Chimba mashimo mawili ya majaribio, kwenye kona zinazokabiliana, kina cha mita 1.5 hadi 2. Ni kazi ya vibarua wawili kwa siku moja, kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Hakuna matumizi yenye faida kubwa kuliko haya katika safari nzima.

Nyanda za Kano karibu na Kisumu, yaani Nyamasaria, Chiga, Rabuor hadi Ahero, zina udongo mweusi unaonata. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kila msimu huunyanyua na kuushusha msingi kidogo. Dalili zake ziko wazi: Januari na Februari ardhi hupasuka nyufa unazoweza kuingiza vidole, na wakati wa mvua viatu hubeba tope hadi vifundoni. Kuta za majirani huwa na nyufa za mshazari kutoka kona za madirisha. Nyufa hizo hazizibwi kwa plasta. Zitarudi msimu ujao.

Dawa ni kuuondoa udongo huo mpaka ufikie tabaka gumu, kisha kujaza mawe na moram (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Hesabu yake ni hii. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina eneo la mita mraba 120. Ukiondoa kina cha mita 1 tu, ni mita za ujazo 120 zikiwa chini. Udongo ukichimbwa hutanuka kwa karibu robo, kwa hiyo unabeba kama 150. Lori la mita za ujazo 10 litatoka mara 15. Moram ya kujaza nayo hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo unahitaji karibu mita za ujazo 150 nyingine, safari 15 zaidi. Jumla safari 30 za lori kabla ya tofali la kwanza. Uliza bei ya safari moja mahali hapo, zidisha kwa 30, na uweke hesabu hiyo kando ya ile ya ploti ya bei ghali zaidi iliyo kwenye ardhi ngumu. Mara nyingi ploti "ghali" huibuka nafuu. Na ikiwa udongo mweusi unashuka mita 2, kila kitu kinazidishwa mara mbili, na hapo mhandisi aangalie kama nguzo za zege zinafaa zaidi.

Riat na milima ya Kajulu, huko huko Kisumu, ni kinyume chake. Kuna mwamba. Msingi wake ni imara na mandhari ya ziwa yanapendeza, lakini kuchimba shimo la choo au la tangi la chini kunaweza kuhitaji mashine ya kupasua mawe badala ya sururu, na mteremko unadai ukuta wa kuzuia udongo. Ukuta huo lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Ukijengwa bila matundu, maji ya mvua hujaa nyuma yake na kuusukuma mpaka ulale.

Nakuru ina yake. Ardhi ni majivu ya volkano, mepesi, yanayochimbika kwa urahisi, na upande wa magharibi mwa mji una nyufa za chini kwa chini. Mvua kubwa ikinyesha, maji huosha majivu hayo na kuacha mapango, kisha juu panadidimia. Waulize majirani kama wamewahi kuona shimo au ufa mrefu barabarani au shambani, na ulifuata upande gani. Nyufa hizi hurudi kwenye mstari ule ule. Kwenye ploti kama hiyo tenga fedha za bimu ya zege yenye nondo inayozunguka msingi wote, na za mifereji ya kupeleka maji ya paa mbali na nyumba. Shimo la kunywea maji taka, yaani la kuyaacha yazame ardhini, usiliweke karibu na msingi. Majivu hunywa maji upesi, jambo linaloonekana zuri, lakini maji hayo ndiyo yanayobeba chembe ndogo na kuacha uwazi chini ya sakafu yako.

Maji

Usiridhike na bomba linalopita barabarani. Uliza nyumba tatu za jirani maji huja siku ngapi kwa wiki na saa ngapi. Lenye mgawo wa siku mbili kwa wiki ni bomba la kujazia tangi tu.

Hesabu ya familia ya watu watano, lita 50 kila mmoja kwa siku: lita 250, au 7,500 kwa mwezi. Tangi la lita 5,000 linakaa siku 20. Ukinunua maji ya lori, gawa lita 7,500 kwa ujazo wa lori la kwenu, uzidishe kwa bei, uone mwezi unakugharimu ngapi. Kisha ongeza jukwaa la tangi (lita 5,000 ni tani 5, jukwaa la mbao halifai), pampu na mabomba.

Maji ya mvua yanapunguza sana. Paa la mita mraba 100 hukusanya lita 100 kwa kila milimita ya mvua, na baada ya kupoteza sehemu ya tano unabaki na 80. Mvua ya Nakuru ni karibu milimita 950 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo linaweza kukupa lita 76,000, dhidi ya mahitaji ya lita 90,000. Tatizo ni kwamba inanyesha kwa misimu, na tangi dogo hufurika Aprili na kukauka Februari. Weka gata kwanza, tangi kubwa baadaye ukipata.

Nakuru kuna jambo moja ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto yanayokua huwa ya kahawia kwa maisha yao yote, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki na kuwa nzito zaidi. Muuzaji akijivunia kisima cha mtaa, chukua chupa ya maji ukaipime maabara. Ikiwa juu, tenga fedha za kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekitengeneza kwa miaka mingi, pamoja na za kubadilisha mkaa huo unapochoka. Maji ya mvua hayana shida hii, kwa hiyo yatengwe kwa kunywa na kupikia.

Maji taka na mafuriko

Viunga vingi havijafikiwa na bomba la maji taka. Utajenga tangi la septiki na shimo la kunywea. Fanya jaribio kabla ya kununua: kwenye shimo lako la majaribio mimina maji, yaache yanywewe, mimina tena kesho yake na uangalie saa. Kwenye udongo mweusi wa Kano maji yatakaa siku nzima. Maana yake shimo la kunywea halitafanya kazi wakati wa mvua, choo kitarudisha maji, na utaita lori la kunyonya kila baada ya wiki chache. Lori hilo nalo linahitaji njia ya kufika. Kama uchochoro wako ni wa mita 3 na una tope, halifiki.

Uliza pia maji ya chini yako kina gani mwezi wa Mei. Nyamasaria, Dunga na sehemu za Nyalenda maji hukaribia uso wa ardhi. Ziwa Victoria lilipanda kupita kawaida mwaka 2020 na tena 2024, na nyumba za kando ziliingiwa na maji. Ziwa Nakuru nalo limepanda tangu miaka ya 2010 na kusukuma familia za Mwariki. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani. Mstari wa kahawia ulio kiunoni hauhitaji maelezo. Kama bado unaipenda ploti hiyo, gharama ya kunyanyua sakafu sentimita 60 hadi 90 juu ya alama hiyo iingie kwenye hesabu.

Kando ya mito kanuni za mazingira zinataka kuachwa mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na ukubwa wa mto. Ploti ya upana wa mita 15 inayopakana na mkondo inaweza kubaki bila mahali pa kujenga, na hatimiliki yako haitakukinga na kubomolewa.

Stima, barabara na hifadhi

Pima umbali kutoka transfoma hadi ploti na uhesabu nguzo zitakazohitajika. Omba nukuu ya maandishi kutoka kampuni ya umeme kabla ya kulipa salio la ploti. Uliza majirani kama taa hufifia saa mbili usiku; ikiwa ndivyo, transfoma imelemewa na wewe utakuwa mzigo wa ziada. Kwenye nyumba iliyokwisha unganishwa, nunua tokeni za kiasi kidogo na uangalie risiti: deni la mita hukatwa humo humo.

Njia ya nyaya kubwa za kilovolti 132 hutengewa upana wa mita 30, na nyaya za namna hiyo zinaingia kwenye vituo vya Lanet na Mamboleo. Ploti iliyo chini yake huuzwa rahisi kwa sababu hairuhusiwi kujengwa. Karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, kuelekea Usoma, Kogony na Otonglo, urefu wa jengo unahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Anayepanga kujenga ghorofa aulize kwanza. Kando ya reli na barabara kuu, mpima wako akuonyeshe hifadhi, yaani ardhi iliyotengewa njia hiyo, inaishia wapi.

Barabara ya "mita tisa" kwenye ramani ya dalali ikague ardhini. Kama haijafunguliwa, mtachanga: tingatinga, kalvati, moram, na kila mwaka moram tena kwa sababu mvua huiosha pasipo na mitaro. Malori ya vifaa hutoza zaidi kwa njia mbaya, au humwaga mchanga lami, na wewe unalipa mkokoteni. Tofauti hiyo hujirudia kwa kila lori la kokoto, saruji na mawe.

Ua nao husahaulika. Mzingo wa hamsini kwa mia ni futi 300, mita 91. Ukuta wa mita 2 kwenda juu ni mita mraba 182. Kwa mawe 12 na nusu kila mita mraba ni mawe 2,275, bila msingi wala lango. Kayaba na seng'enge hufanya kazi nzuri kwa miaka ya mwanzo.

Nyumba iliyokwisha kujengwa

Itazame mvua ikinyesha, au siku inayofuata. Fungua kila mlango; unaokwaruza sakafu upande mmoja tu unaonyesha nyumba imekaa upande. Rangi mpya kwenye nusu ya chini ya ukuta mara nyingi inaficha unyevu uliopanda kwa sababu hakuna karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi. Fungua mabomba yote pamoja. Panda darini uangalie mbao zilizotoboka vumbi. Omba michoro iliyoidhinishwa na kaunti na cheti cha kukaliwa. Bila hivyo utalipa ada ya kuhalalisha, pengine na faini.

Kwenye nyumba za geti moja uliza ada ya huduma ya kila mwezi, inalipia nini, na kama kuna akiba ya matengenezo makubwa. Ada ndogo sana bila akiba maana yake pampu au lango likiharibika mtachanga papo hapo. Ongeza nauli: shilingi 80 kwenda na 80 kurudi, siku 24, ni 3,840 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Watu watatu ni 11,520, kabla ya bodaboda kutoka stejini.

Mpangilio wa malipo

Fuata utaratibu huu. Sachi na mpima kwanza, kwa fedha zako. Kisha mashimo ya majaribio, jaribio la maji, na nukuu ya stima. Ndipo makubaliano ya mauzo yenye kifungu kinachotaja kila gharama na anayeilipa: stempu, kodi ya faida, madeni ya kaunti na ya serikali kuu, ugawaji, bodi ya ardhi. Arubuni kwa kawaida ni asilimia 10, na ikae kwa wakili, isiingie mfukoni mwa muuzaji kabla ya masharti kutimizwa. Muda wa kukamilisha, mara nyingi siku 90, uandikwe pamoja na haki yako ya kurudishiwa fedha kama idhini haitapatikana.

Sachi irudiwe siku ya kulipa salio, kwa sababu zuio la mdai au la ndugu linaweza kuwekwa katikati. Irudiwe tena uhamisho ukisajiliwa. Ikionyesha jina lako na hakuna kizuizi, nenda ofisi ya kaunti ubadilishe jina kwenye akaunti ya kodi ya ardhi, kisha mita ya stima, kisha maji, ukiwa na nakala ya hati na kitambulisho. Akaunti ikibaki kwa jina la zamani, ankara humfikia muuzaji na riba huendelea kupanda kwenye ardhi ambayo sasa ni yako.